Denis Burkitt, munganga wa jicho moja aliyechora ramani ya kansere ya watoto

Kwetu huku, toka Kasongo mpaka Wamaza na Salamabila, mtoto akivimba taya watu wanafikiri kwanza jino. Wengine wanasema kuna mtu amemtupia kitu. Mara nyingi ni jino kweli, likitolewa mambo yanakwisha. Lakini kuna uvimbe mwingine wa taya ambao si wa jino na si wa uchawi. Ni kansere ya watoto, na ni kati ya kansere zinazokua mbio kuliko zote ambazo wanganga wanazijua. Jina lake ni limfoma ya Burkitt. Kansere hii ni kali, lakini inapona kwa dawa mtoto akifikishwa mapema.

Burkitt ni jina la mtu. Alikuwa munganga wa kupasua, akafanya kazi Uganda karibu miaka 20, akafariki mwaka wa 1993. Wengi wetu hatujawahi kumsikia, ingawa kazi yake inahusu watoto wa mazingira kama haya yetu: nchi za chini, joto, mvua nyingi na malaria mwaka mzima.

Mtoto wa mtu aliyechunguza ndege

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, katika nchi ya Irlande, upande wa kaskazini ambao leo uko chini ya Uingereza. Baba yake, James Burkitt, alikuwa enjenia wa barabara na madaraja. Saa za mapumziko alikuwa anachunguza ndege. Aliwakamata, akawavalisha pete ndogo mguuni, halafu akaandika kwenye karatasi kila ndege anaishi upande gani wa bustani na mpaka wake uko wapi. Majirani waliona ni mchezo tu, lakini wataalamu wa ndege wakaja kuiheshimu kazi ile. Tutaona mbele kwamba mtoto naye alifuata njia hiyo hiyo ya kuandika kitu gani kinapatikana wapi.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto wa shule walipigana kwa kutupiana mawe. Jiwe likavunja miwani yake na kioo kikaingia ndani ya jicho la kuume. Jicho likapotea. Toka siku hiyo akaishi na jicho moja.

Mwaka wa 1929 aliingia chuo kikuu cha Trinity, Dublin, kusoma uenjenia kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Huko akajiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokuwa wanasali pamoja, na imani ile ikamshika mpaka kufa. Akaona Mungu anamwita kwenye uganga, akabadilisha masomo. Alimaliza mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata diploma ya juu ya upasuaji huko Edinburgh.

Alipoomba kazi Afrika ya magharibi katika utumishi wa makoloni wa Uingereza, walimkataa juu ya jicho. Kisha vita vya pili vya dunia vikaanza, na jeshi lilikuwa na haja ya wanganga. Mwaka wa 1941 akaingia jeshini, akatumwa Kenya na Somalia, baadaye Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Katikati ya vita, mwaka wa 1943, alimuoa Olive Rogers, muuguzi. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi Afrika. Safari hii wakamkubali, na mwaka wa 1946 akafika Uganda.

Somo la Lira

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa Uganda, hospitali ya ndani kabisa. Wanaume wengi walimfikia na ugonjwa wa maji kujaa katika mfuko wa korodani. Burkitt akawapasua. Lakini akaona kitu: wengi walikuwa wanatoka upande mmoja wa wilaya, na upande mwingine ugonjwa ule haukuonekana sana. Munganga mwingine angeendelea kupasua tu. Yeye akaanza kuhesabu na kuandika kila mgonjwa anatoka kijiji gani. Baadaye ilijulikana kwamba ugonjwa ule unaletwa na minyoo ya filaria, na mbu ndiye anayeibeba, ndiyo maana ulifuata sehemu na sehemu.

Pale Burkitt alipata somo alilolitumia maisha yote: ukitaka kujua ugonjwa unatoka wapi, uliza kwanza unapatikana wapi na wapi haupatikani.

Mwaka wa 1948 walimhamisha Kampala, hospitali ya Mulago, ambako pia alifundisha wanafunzi wa Makerere.

Watoto wawili wa mwaka wa 1957

Siku moja mwaka wa 1957, munganga mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amuone mtoto mmoja wa kiume wa miaka 5. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote nne: juu kuume, juu kushoto, chini kuume, chini kushoto. Meno yalikuwa yanalegea na uso ulikuwa umeharibika. Burkitt hakuelewa. Usaha wa jino hauwezi kushika pande nne kwa mara moja. Kansere nayo, kwa alivyojua, inaanzia sehemu moja. Akampiga mtoto picha.

Wiki chache baadaye alitembelea hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani aliona mama ameketi kwenye majani na mtoto mwenye uso ule ule. Akatoka mbio kwenda kumpima. Aligusa taya, halafu akagusa tumbo, na ndani ya tumbo kulikuwa pia na uvimbe. Hapo akajua kwamba taya ni mlango tu, ugonjwa wenyewe umeenea mwilini.

Akarudi Kampala, akafungua madaftari ya hospitali, akaona kwamba watoto hawa walikuwa wengi. Kumbe uvimbe wa taya, wa tumbo, wa jicho, ambao kila munganga aliuandika kwa jina tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 akaandika juu yake katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Wenzake wa Makerere waliokuwa wanaangalia nyama za mwili kwa darubini, Jack Davies na Mmarekani Greg O'Conor, wakaonyesha kwamba ni kansere ya limfu, maana yake kansere ya chembe zile zinazolinda mwili kama askari wa damu.

Tuseme pia ukweli wake. Si Burkitt aliyekuwa wa kwanza kuuona uvimbe ule. Munganga Albert Cook wa hospitali ya Mengo aliuona miaka mingi mbele yake, na wamama wa Uganda waliubeba mgongoni kabla Mzungu yeyote hajaandika. Kazi ya Burkitt ilikuwa kuunganisha mambo yaliyotawanyika.

Kilometa 16 000 kwa gari kuukuu

Sasa swali la Lira likarudi: unapatikana wapi? Burkitt alipata pauni 25 tu za utafiti. Akachapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misioni pande nyingi za Afrika, akiuliza wanganga kama wamewahi kuona ugonjwa huu. Majibu yakarudi, na kwa kila jibu la ndiyo akachomeka pini kwenye ramani ya ukuta wake.

Pini zikaonyesha mkanda unaokata Afrika katikati, juu na chini ya ikweta, na mkia unaoteremka upande wa mashariki mpaka Msumbiji. Lakini mkanda ule ulikuwa na mipaka, na Burkitt alitaka kuiona kwa macho yake, tuseme kwa jicho lake.

Tarehe 7 Oktoba 1961 akatoka Kampala katika gari kuukuu la Ford, pamoja na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alijua kutengeneza magari. Wakasafiri wiki karibu 10 na kilometa kama 16 000, kupitia Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Msumbiji, mpaka Afrika Kusini. Walifika katika hospitali zaidi ya 50. Kila mahali waliwaonyesha wanganga na wauguzi picha, wakauliza, wakaandika majibu. Kazi yote ilikuwa kuuliza watu wanaofanya kazi vijijini wanaona nini.

Waliporudi, jibu lilikuwa wazi. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1 500 hivi. Kwenye milima ya baridi haupo, mabondeni upo. Zanzibar na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa sana, hazikuwa nao. Alexander Haddow, mkubwa wa kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, alimsaidia kuona kwamba jambo kubwa ni joto na mvua. Na mahali penye joto na mvua ndipo mbu anapokaa vizuri. Wataalamu wakaanza kuona kwamba ramani ya uvimbe na ramani ya malaria nzito zinafanana sana.

Ramani ile inatugusa na sisi. Kasongo na Kabambare ziko chini, mbali na baridi ya Bukavu, na malaria yetu haina likizo. Tuko ndani ya mkanda wa Burkitt.

Virusi kutoka Kampala

Tarehe 22 Machi 1961, miezi mbele ya safari ile, Burkitt alitoa somo katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Alipoona kwamba kansere inafuata hali ya hewa, akafikiri kuna kiumbe kinachoileta. Wakapatana: Kampala itume vipande vya uvimbe kwa ndege, London itafute virusi.

Kwa zaidi ya miaka miwili hawakuona kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ukungu ukaizuia ndege kushuka London, ikaenda Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Badala ya kukitupa, Epstein akayaangalia maji yale na kukuta seli za kansere zinaogelea, hai. Hapo wakaweza kuziotesha katika chupa. Mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vipya, ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuonekana ndani ya kansere ya binadamu.

Hapa tuelewane vizuri. Virusi hivi viko karibu kwa kila mtu, vinapita kwa mate toka utotoni, na wengi havitawaletea shida kubwa. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt haambukizi wenzake kansere. Mnaweza kula naye, kulala naye, kumbeba. Wataalamu wanaeleza kwamba malaria ya mara kwa mara inachokoza na kuchosha askari wa damu, na virusi vinapata nafasi ya kuwaharibu. Mmoja wa askari hao akiharibika, anaanza kuzaana bila kusimama.

Kansere yenye njaa

Burkitt alikuwa fundi wa kisu, lakini kisu hakikusaidia. Ukikata taya, mtoto anabaki bila uso na uvimbe unarudi. Mashine za kuchoma kansere kwa mionzi hazikuwepo Kampala. Ikabaki dawa. Na hapa ndipo tunapopata sababu ya kansere kali namna hii kuweza kupona.

Seli ni chembe ndogo kabisa ya mwili. Ili seli moja igawanyike ziwe mbili, inahitaji chakula: sukari ya kuipa nguvu, na vitu vingine vya kutengeneza nakala ya maandishi ya urithi yaliyo ndani yake. Toka miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameonyesha huko Berlin kwamba seli za kansere zinakula sukari kwa wingi, na hata zikiwa na hewa ya kutosha zinaichachusha, kidogo sawa na muhogo unavyochacha tukiuloweka. Ni ulaji wa pupa. Katika uvimbe wa Burkitt pupa hiyo inazidi, kwa sababu seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Ndiyo maana mama anaweza kuona shavu dogo Jumapili, na Jumapili inayofuata asimtambue mtoto wake.

Basi, anayekula kwa pupa ndiye anayeanguka wa kwanza chakula kikikatwa. Kuna vitamini inaitwa foliki, inapatikana katika majani mabichi, na wamama wajawazito wanapewa pamoja na vidonge vya kuongeza damu kwenye CPN. Bila foliki seli haiwezi kutengeneza nakala yake. Mwaka wa 1947 na 1948, Sidney Farber wa Boston alijaribu kuwapa watoto wenye kansere ya damu dawa inayofanana na foliki lakini siyo foliki. Ni sawa na ufunguo wa uongo: unaingia katika kufuli, haufungui, na unauzuia ufunguo wa kweli. Ndugu ya dawa hiyo inaitwa metotreksati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Joseph Burchenal wa hospitali ya kansere ya Sloan Kettering, New York, metotreksati ikafika mikononi mwa Burkitt. Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe mkubwa ulianza kuyeyuka katika siku chache. Watoto wengine, kwa dozi kidogo tu, walipona na hawakuugua tena. Wengine walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi na kuwaua. Burkitt alijaribu pia siklofosfamidi na vinkristini. Wakati ule wanganga wengi duniani hawakuamini kwamba kansere inaweza kupona kwa sindano bila kisu.

Shida moja ilikuwa ubongo. Ugonjwa unaweza kujificha katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa ya damu haifiki vizuri. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa Kampala, na John Ziegler kutoka Marekani na wenzake wakaendeleza kazi, pamoja na kupitisha dawa kwa sindano ya mgongo ili ifike kule. Kituo kile ndicho mwanzo wa taasisi ya kansere ya Uganda iliyopo mpaka leo. Wazo la kuikatia kansere chakula pia linaendelea: watafiti wanalijaribu sasa juu ya uvimbe mkali unaozaliwa ndani ya ubongo wenyewe. Ule bado unawashinda, kwa sababu ubongo una ukuta unaozuia dawa nyingi, na seli zake zinajua kubadilisha chakula.

Tusichanganye mambo, wasomaji. Kuikatia kansere chakula si kumnyima mtoto chakula. Hakuna sombe ya kuacha wala mfungo unaotibu ugonjwa huu. Mtoto mgonjwa anahitaji kula vizuri ili avumilie dawa.

Mwisho wa safari yake

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966. Mwaka wa 1972 alipokea zawadi kubwa ya Lasker huko Marekani pamoja na wenzake, juu ya kuponya kansere kwa dawa. Alikuwa ameanza swali lingine la ramani: kwa nini magonjwa mengi ya utumbo ya Ulaya hayakuonekana sana vijijini Afrika? Akaandikia tena hospitali za ndani, akauliza watu wanakula nini na hata choo chao kina uzito gani. Jibu lake lilikuwa nyuzi za chakula, zile zinazopatikana katika majani, maharagwe na nafaka isiyokobolewa. Watu wengi wa Ulaya wanamjua kwa hilo kuliko kwa watoto wa Kampala. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na ugonjwa ukachukua jina lake, si jina la mtoto hata mmoja wala la muuguzi Muafrika aliyemsaidia. Lakini kazi yake ilisimama juu ya wauguzi na wanganga wa hospitali za mbali waliojibu barua. Bila majibu yao ramani isingekuwepo.

Kwa hapa kwetu

Ugonjwa huu unashika zaidi watoto wa miaka 4 mpaka 8, wa kiume kuliko wa kike. Dalili za kuangalia ni hizi: taya inavimba haraka na meno yanalegea kabla ya wakati wake, jicho linatokeza nje, tumbo linakuwa gumu na kubwa, au miguu inapoteza nguvu ghafla. Kung'oa jino hakutauondoa. Kuchanja na kupaka dawa za miti kunakula siku, na siku ndizo mtoto hana. Dawa za kansere haziko kila hospitali, safari inaweza kuwa ndefu na ya gharama, tunajua hali ya barabara zetu na usalama wake. Lakini mwanzo uko karibu: kituo cha afya, halafu barua ya kumpeleka hospitali kubwa ya zone ya afya, wiki hiyo hiyo. Ndugu wa ukoo wakichanga, wachange kwanza kwa ajili ya safari hiyo.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 8 kati ya 10 wenye kansere hii wanapona. Katika hospitali za Afrika zenye dawa chache, mpango rahisi wa sindano unaweza kuponya karibu nusu. Anayefika na uvimbe wa taya tu ana nafasi kubwa kuliko anayefika ugonjwa umeshaingia tumboni na mgongoni. Na kwa kuwa malaria inafungua njia, chandarua, ile tunaita mosikitere, ilale juu ya mtoto kila usiku, isiwe wavu wa samaki wala uzio wa bustani.